Mate ya Kubariki Mtoto

Landhi, makao ya wafanyakazi wa reli, Nakuru, 1951

Owuor jirani yangu, soma hizi karatasi tu. Sauti sina.

Tangu daktari anichome koo kwa miale kuua ile kansa, mdomo umekauka kama jivu. Leo wameniletea mjukuu nimtemee mate ya baraka. Mate!

Mwinjilisti Gachanja, anayehubiri kila Jumapili kwamba kutema mate ni ushenzi, ndiye aliyenisukumia mtoto. "Mzee, tema!" Nikatema. Upepo mtupu. "Tema tena!" Upepo.

Mama mkwe wa mwanangu akapiga nduru: "Amemkataa mtoto!" Mimi! Nimkatae mtoto mwenye jina langu!

Nikanyakua chai iliyopoa, nikajaza mdomo, nikamnyunyizia kifuani. Wote: "Amina!"

Gachanja ameenda kuleta wajukuu wake watatu. Hebu ongeza maji kwa birika.