Shahada Niliyoichagua, Kaka Rashidi

Chuoni, Nairobi
Mwezi wa Agosti

Kaka yangu Rashidi,

Shikamoo. Huko Madimba mnaendeleaje, wewe na shemeji Somoe na watoto? Goti limeacha kukusumbua? Mimi ni mzima, ila baridi ya hapa asubuhi inanivalisha sweta mbili kama mgonjwa wa homa. Barua yako imefika, ingawa ilikawia. Aliyeileta anasema basi lao lililala siku mbili Rufiji likisubiri pantoni.

Umeniuliza, watu wakitaka kujua Yona anasomea nini, uwajibu nini. Iko hivi. Baada ya shahada ya kwanza tuliwekewa njia tatu za uzamili. Moja ni ya uchungaji: kuhubiri, kulea waumini, kuzika. Nyingine ni theolojia yenyewe, na Kigiriki na Kiebrania, ili mtu aje afundishe chuoni. Ya tatu ni ya kusoma namna Wakristo na Waislamu wanavyoishi pamoja, nayo ilikuwa na nafasi moja tu. Kanisa letu la Mtwara lilitaka nichukue uchungaji. Mwalimu wangu alitaka Kigiriki. Moyo wangu ulikuwa kwenye ile ya tatu, na wiki nzima niliogopa kuwaambia.

Siku ya usaili nilikuta wazee wanne. Mmoja, mkali kweli, akaniuliza, "Wewe Waislamu unawajuaje? Kwa vitabu?"

Nikasema, "Nimelelewa na mmoja. Kaka yangu, mama mmoja baba tofauti. Mama alipofariki alinichukua nina miaka saba, wala hakunitoa kwenye dini ya baba yangu. Kila Jumapili alinifikisha kanisani, akanisubiri nje."

"Hamkuwahi kubishana juu ya dini?"

"Mara moja. Akaniambia, 'Yona, tumalize kwanza kupanda muhogo, ndipo tubishane.' Mpaka leo hatujamaliza."

Walicheka wote! Yule mkali alivua miwani akafuta macho. Siku ya tatu jina langu likabandikwa ubaoni, na mchungaji wetu naye ameandika kwamba ameridhika. Nina furaha, kaka, hata maharage ya bweni nayaona matamu.

Desemba nitakuja kwa utafiti. Nitahitaji kuzungumza na shehe wa hapo. Naomba unipeleke wewe, maana nikienda peke yangu atadhani nimekuja kumhubiria.

Nisalimie shemeji, mwambie kisamvu chake hakina mpinzani huku. Msalimie na dada yetu Mwanahawa wa Ufukoni, akinyamaza hivi nitamsusia.

Halafu, nilipokuwa najiandikisha, fomu iliuliza: nani alikulea katika imani? Nikaandika jina lako. Karani akanirudishia, "Ndugu, umekosea. Hapa wanataka mtu wa kanisani."

Nikamwambia sijakosea, agonge muhuri. Akagonga.

Ni mimi mdogo wako,
Yona