Kijiti cha Marimba Kilichorudi Nami Butembo

Butembo, Jumatano alasiri. Mvua inanyesha tangu saa sita, na ukungu umeshuka hadi siuoni tena mnara wa kanisa.

Kwenu nyote mnaopita katika ukurasa huu, nawasalimu kwa heshima na upendo, nikitumaini kwamba salamu hizi zinawakuta wazima. Naomba radhi kwa kimya cha majuma sita. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nakwaruza vyuma kwa tupa, na ni haki niwaeleze sababu, ingawa inanitia aibu.

Binti yangu Masika anakaa Beni, upande wa Mulekera, pamoja na mumewe na mtoto wao Mumbere, mwenye miezi kumi na minne. Ndiye mjukuu wangu wa pekee. Kwa sababu ya habari za hatari barabarani, nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya ubatizo wake. Hivi karibuni, siku ya kupima uzito wa watoto, muuguzi alimwambia Masika kwamba michezo yenye sauti humsaidia sana mtoto mdogo: anajifunza kushika na kuachia, anatambua kwamba mkono wake mwenyewe ndio uliofanya jambo litokee, na hata maneno humjia kwa wepesi. Masika akaniomba nimtafutie kitu cha namna hiyo, kwa kuwa nilifundisha koro, yaani kwaya ya kanisa, miaka mingi.

Nilifurahi kupita kiasi. Tangu mke wangu alipofariki, hakuna aliyekuwa ameniomba kitu kinachohusu muziki.

Sokoni nilipata marimba ndogo ya kuchezea: vyuma vinane vya rangi juu ya ubao, na kijiti chenye kichwa cha mpira. Nilipoijaribu nyumbani, nikasikia kwamba noti ya fa ilikuwa chini, na ile ya la vilevile. Mtu mwingine angeifunga na kuituma kesho yake. Mimi nilichukua tupa. Nilikwaruza ncha ya chuma, nikasikiliza, nikakwaruza tena. Masika alipiga simu mara tatu kuuliza, na kila mara nilimjibu, "Bado kidogo, mwanangu."

Lazima niungame: sikuchelewa kwa ajili ya fa peke yake. Nyumba ilikuwa na sauti tena.

Jumamosi iliyopita barabara ilikuwa tulivu, nikapanda taksi hadi Beni. Nilimkuta Mumbere mkekani akigonganisha vifuniko viwili vya sufuria. Nikaweka marimba mbele yake, nikampa kijiti. Alipiga mara moja, akashtuka, akanitazama, akacheka. Alinitazama mimi. Kisha akapiga kwa nguvu zake zote: chuma, ubao, mkeka, goti langu.

Na hapo nilikosa.

Katika shule ya misheni nilikolelewa, hakuna aliyeruhusiwa kugusa kinanda kabla hajaimba kutoka do hadi do bila kosa. Aliyethubutu alichapwa vidoleni. Nami nilifundisha vivyo hivyo, ila bila fimbo. Basi nikaushika mkono wa mjukuu wangu, nikauongoza: do, re, mi. Alipojinasua na kupiga ovyo, nilimnyang'anya kijiti, nikakiinua juu, nikamwambia kwa sauti ya darasani, "Kwanza sikiliza."

Mtoto wa miezi kumi na minne!

Alilia mpaka pumzi ikamkatika. Masika alimbeba, akacheka ili nisione haya. "Papa, huyu hapana mwanakoro wako! Muache apige tu. Tangu asubui iko anapigia masufuria yangu misa nzima!"

Mtoto hakucheka tena. Siku ile yote, kila nilipomnyooshea mikono, alificha uso katika shingo ya mama yake. Wakati wa kuagana nilibusu kisigino chake, kwa maana ndicho pekee nilichoweza kukifikia.

Jana Masika akapiga simu. "Papa, ule mujiti tumetafuta mpaka chini ya kitanda. Hapana iko."

Nilitia mkono katika mfuko wa koti langu la Jumapili. Kilikuwa humo. Nilikuwa nimekitoa mkononi mwa mtoto na kusafiri nacho hadi Butembo.

Nilimwambia ukweli. Alicheka hadi akakohoa. "Papa, ulimuibia mutoto! Lakini hapana neno, iko anapiga na kijiko."

"Tafadhali, niruhusu nisikie," nikamwambia.

Akaweka simu mkekani. Nikasikia kijiko juu ya chuma, kisha juu ya ubao, kisha vyuma viwili kwa pamoja. Ile fa iliyonichukua majuma ilipita katikati ya kelele, na sikuitambua. Alipopumzika, nikamwita kwa sauti ya chini: "Mumbere." Nikamwita tena.

"Papa," Masika akasema, "anatafuta nyuma ya simu."

Mawasiliano yakakatika hapo. Nilibaki nimeishika simu sikioni muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Sijui kama atanikubali nikirudi. Mke wangu angejua la kufanya. Angeketi mkekani, achukue kifuniko kimoja na kupiga naye. Mimi sikuketi mkekani hata na watoto wangu mwenyewe. Niliwafundisha wote kuimba wakiwa wamesimama wima, mikono nyuma, nao waliimba vizuri, na sikumbuki hata mmoja aliyewahi kuimba kwa kujifurahisha mbele yangu. Nawaomba msamaha hapa, kwa kuwa ana kwa ana sijaweza.

Kesho asubuhi Mama Kavira, mchuuzi wa vitunguu, atapita hapa na lori litokalo Kirumba kwenda Beni. Yeye ndiye atakayebeba barua yangu kwa Masika, pamoja na kijiti. Nimemsihi kwa simu kijiti asimkabidhi mama yake mtoto, bali amtie Mumbere mwenyewe mkononi, na asimwoneshe namna ya kukishika.