Taa ya Kwanza Kuwaka

Kwako Clarisse, mjukuu wangu uliye Kinshasa,

Hapa Likasi tunaendelea. Goti la bibi yako limetulia, na shangazi yako wa Kambove amejifungua msichana.

Nimeona picha uliyonitumia ya ile maktaba ya programu za hesabu inayokataa kujengeka kwenye kompyuta yako. Umeifuta na kuisakinisha upya mara nne, ukihangaika na kosa la mwisho kwenye orodha ya makosa, na sasa unaniuliza fundi huanzia wapi.

Nilipokuwa kijana kwenye kiwanda cha shaba cha Panda, kazi yangu ilikuwa kuandika kwenye daftari ya zamu kila taa ya hitilafu inapowaka. Siku moja ziliwaka zote. Nikakimbilia pampu, maana taa yake ndiyo ilikuwa ya mwisho, nikaifungua yote. Pampu ilikuwa nzima.

Shefu wetu, mkuu wa zamu, alikuja, hakugusa kitu. Akaniuliza polepole, "Njo taa gani ilianza kuwaka ya kwanza?"

Nilimpa daftari. Sikuwa nimeandika kitu. Tulitafuta chanzo mpaka jioni.

Kompyuta yako imeandika yote, Clarisse. Panda juu mpaka kosa la kwanza kabisa, usome hapo.

Minye Kambo yako, babu yako ninayeuona bado ule ukurasa mweupe wa daftari.