Kanda Aliyoikamata Risper

Kianda, Kibera,
Nairobi.
Jumatatu, 10 Novemba 1997.

Kwa dada yangu mpendwa Sella,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha shemeji, kisha watoto mmoja mmoja kuanzia mkubwa, kwa maana najua Elvis atauliza kama jina lake limo. Limo. Sisi huku tuko salama. Wifi yako Trizah anakusalimu sana, na anauliza goti lako linaendeleaje, na kama ile dawa ya majani imekusaidia wewe au imemsaidia tu yule anayeiuza. Mvua hii wanayoiita El Niño imetufundisha kutembea na viatu mkononi, lakini paa letu halivuji, na mwenye paa lisilovuja Kianda mwezi huu ni mtu wa kuheshimiwa. Nasikia huko Malava mahindi yamelala shambani. Poleni sana.

Ukiona barua yangu ina kurasa nyingi hivi utadhani kuna msiba. Hakuna msiba. Vuta kiti uketi. Nina habari za kuchekesha, na mwishoni nina moja isiyochekesha, na nakuomba usirukie huko mwisho kwa sababu nakujua.

Unajua tangu nistaafu upolisi nimekuwa na chumba changu cha video hapa: mabati, mabenchi kumi, televisheni juu ya rafu na pazia jeusi mlangoni. Siku zote nilikuwa naonyesha karate. Watu wakitoka kanisani Jumapili wanapenda kuona mtu akipigwa teke. Basi mwezi wa nane nilikwenda River Road kwa Muia, yule anayeniuzia kanda, nikamkuta ameishiwa na karate. Alikuwa na kanda sita ambazo bado zilikuwa kwenye nailoni, na alizisifia mpaka nikaona haya kukataa. Nilipofika nyumbani nikasoma maganda vizuri. Kanda zilikuwa mpya, lakini filamu zenyewe ni za Amerika za zamani, za wakati mimi na wewe tulikuwa tunachunga ng'ombe wa baba. Siku hizi huko kwao wanazitoa kabatini, wanazisafisha na kuzitia kwenye video ili watu wazitazame nyumbani. Zote sita zilikuwa za uhalifu, na katika zote sita mhalifu alikuwa polisi.

Polisi mla hongo, dada, na mwenye chumba ni polisi mstaafu! Nilitaka kuzirudisha siku hiyo hiyo, lakini Muia harudishiwi kitu.

Jumapili ya kwanza, picha ilipotokea, kijana mmoja wa Ayany akapaza sauti, "Afande, TV yako imeisha rangi!" Wote wakataka nipande juu ya rafu niitengeneze. Nikawaeleza kwamba filamu hizi zilipigwa nyeusi na nyeupe. Mama mmoja akanijibu kuwa hata zamani majani yalikuwa ya kijani, nisiwadanganye. Halafu hakukuwa na vita. Kulikuwa na wanaume wenye kofia wanaongea, wanavuta sigara, wanaongea tena. Watu wakaanza kupiga miluzi. Ikabidi nisimame kando ya televisheni nitafsiri.

Nilikuwa natafsiri vizuri tu, kwa adabu, mpaka yule mpelelezi wa kwenye filamu akapokea bahasha. Aliipokea barabarani, chini ya taa, kwa mkono wake mwenyewe, na akaifungua hapo hapo kutazama ndani! Nilijizuia nikashindwa. Nilisimamisha kanda nikawaambia watu kwamba huyu ni mwanafunzi kabisa. Polisi mwenye akili hashiki kitu. Kitu kinaachwa kwa muuza sigara wa pembeni, yeye anapita jioni kununua kiberiti, na akiulizwa, alikuja kununua kiberiti. Dada, chumba kilicheka mpaka nikahofia mabati. Wakaniambia nirudishe nyuma niwaonyeshe tena kosa lake.

Kuanzia siku hiyo sikupumzika. Walikuja watu wa Soweto East, wakaja wa Ayany, hata wa Kawangware walitembea kwenye matope hayo yote kuja kumsikia afande anayesahihisha hongo za Wazungu. Waliniita Mwalimu. Na mimi nilizipenda zile filamu, sikufichi. Katika kila moja kulikuwa na askari mmoja mwaminifu ambaye wenzake wanamchukia, na kila alipotokea nilijikuta namtafsiri kwa sauti nyingine, ya chini, bila kupanga.

Lakini ulizo lilikuwa moja: mimi nimeyajuaje haya yote? Nikawaambia kulikuwa na mwenzangu mmoja kazini. Mimi nilikuwa msafi, ila huyo mwenzangu alikuwa na mambo. Kila mbinu niliyoieleza ilikuwa yake. Ikawa mtu akiketi tu kwenye benchi anauliza leo Mwenzangu alifanya nini. Walimjua Mwenzangu kuliko diwani wao.

Sasa sikiliza. Jumapili tarehe mbili tulikuwa kwenye kanda ya sita, na chumba kilijaa mpaka watu wengine wakasimama mvuani wakishikilia pazia. Yule mpelelezi akamnyang'anya mzee mmoja muuza magazeti saa yake ya mkononi. Nikasimamisha kanda kama kawaida, nikawafundisha mbinu ya risiti. Nikasema Mwenzangu alikuwa akisimama karibu na soko la Kawangware, na kila aliyepita na redio aliulizwa risiti yake iko wapi. Nani anatembea na risiti? Basi redio inabaki mpaka risiti ije. Risiti ikija, mtu anaambiwa redio sasa ni kielelezo cha kesi na faili limeenda mjini, aje kesho. Nikaona wanacheka vizuri, nikaongeza utamu. Nikawaambia kuna mwanamke mmoja alinyang'anywa redio ya bendi tatu yenye kishikio chekundu, akarudi na risiti mara tatu, na mara ya tatu akaja na mchungaji wake, na bado akaambiwa aje kesho.

Mwanamke akasimama huko nyuma. Akasema yule hakuwa mchungaji, alikuwa mjomba wake, ila siku hiyo alivaa koti. Akasema anaitwa Risper, anauza omena, vile visamaki vikavu, huko Kawangware, na kwamba yeye hamjui huyo Mwenzangu. Aliyemwambia aje kesho mara tatu ni mimi, na sauti hiyo ameitambua tangu alipoingia.

Nilikanyagwa na macho ya chumba kizima. Kukana ningeweza, nimekana mbele ya wakubwa wenye nyota mabegani. Lakini watu hawa nilikuwa nimewafundisha kwa miezi miwili jinsi polisi anavyokana! Ningesema amenifananisha, wangesema hilo ni somo la tatu. Ningekasirika, wangesema ni la tano. Sikuwa na mlango hata mmoja ambao sikuwa nimewaonyesha mwenyewe. Basi nikasema ni mimi. Nikasema pia kwamba Mwenzangu hayupo, hajawahi kuwepo, na kila nililowaambia juu yake nililifanya mimi.

 Kisha Risper akapita katikati ya mabenchi, akafika kwenye deki ya video, akabonyeza kitufe akaitoa kanda, akaitia ndani ya kikapu chake. Akanitangazia kwamba kanda hii sasa ni kielelezo cha kesi, na nikitaka kuiona nije kesho na redio yake. Dada yangu, Kibera nzima ililipuka! Walimpigia makofi, wakapiga mabenchi, akina mama wakapiga vigelegele, wakamsindikiza hadi barabarani. Na filamu ilikuwa imebakisha dakika ishirini. Yule mwaminifu alikuwa ndio kwanza anapanda ngazi za mahakama.

Jumatatu nilinunua redio mpya nikampelekea. Hakuitazama hata kidogo. Alinionyesha risiti yake, ameitunza ndani ya mfuko wa plastiki miaka yote hii, na akaniambia nije kesho, faili limeenda mjini. Nikarudi Jumatano, nije kesho. Ijumaa nilikwenda na mchungaji wangu, wa kweli huyu, na mchungaji alicheka mpaka akaomba maji. Hapo ndipo Risper akatuketisha na kutueleza. Redio ile aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, alipokuwa akifanya kazi kwa mabwana wa Lavington. Siku ile alikuwa anaipeleka kwa fundi afunge kitufe kimoja kilicholegea, kisha ampelekee mamake Oyugis, ambaye macho yalikuwa yameshakwenda. Mamake alifariki mwaka uliofuata bila kuisikia. Risper hataki redio nyingine. Anataka hiyo, akaiweke nyumbani kwa mama.

Utaniuliza mbona nasema ni habari za furaha. Ni za furaha, Sella. Nilidhani watu watanitupia mawe, kumbe wananisalimia kuliko zamani. Mama mboga ananiuliza kesi imefika wapi. Watoto wa shule wakipita mlangoni wanaimba nije kesho. Jana chumba kilijaa bila filamu yoyote. Walikuja kusikia tu kama redio imepatikana, na wakakaa kubishana yule mwaminifu atasema nini mahakamani. Mimi mwenyewe sijui, sikuwahi kuiona mpaka mwisho. Na mimi ninayekuandikia ninacheka peke yangu, kwa sababu kwa miaka ishirini na mbili, tangu nilipoingia upolisi, nilikuwa na mzigo ambao sikujua ni mzigo, na sasa umetoka. Umebaki kipande kimoja tu.

Nadhani uliacha kusoma pale nilipotaja kishikio chekundu, ukainuka ukaenda kukitazama. Ndiyo, dada. Ni hiyo hiyo. Ni ile niliyokuletea Krismasi ya mwaka wa themanini na tano, ambayo umeifunika kitambaa ulichokifuma mwenyewe. Wewe uliacha shule darasa la sita ili mimi niendelee. Nilikuwa nimekuahidi redio siku nitakapoajiriwa, na miaka ilipita nakuja mikono mitupu kwa sababu nilichokipata nilikinywa. Mwaka ule niliona haya kuja bila kitu. Siwezi kusema nilikuibia wewe, lakini nilikufanya umiliki wizi wangu bila kujua. Jumapili ile ulisimama kanisani ukamshukuru Mungu kwa ndugu aliyekununulia redio kwa jasho lake, watu wote wakasema amina, na mimi nilikuwa benchi la pili nikasema amina pamoja nao. Nisamehe. Katika yote niliyoyafanya kazini, ile amina ndiyo inayoniuma zaidi.

Risper ameniandikia namba iliyo kwenye risiti, na nimeitia ndani ya bahasha hii. Geuza redio uitazame nyuma. Mimi sikuwahi kuigeuza, lakini najua itakuwa ndiyo. Usimtume mtu nayo, njoo nayo wewe mwenyewe. Risper amesema kanda itatoka siku hiyo hiyo, na atakaa mbele, na wewe utakaa karibu naye. Trizah ameanza kutafuta kuku.

Shemeji mpe mkono wangu, na umwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine. Watoto wabusu. Majirani wote wanaoniulizia waambie nipo, na nina afya kuliko mwaka jana.

Na ukifika hapa, kama utapenda kusimama mbele ya watu kama ulivyosimama kanisani siku ile, useme lolote lililo moyoni mwako kunihusu, sema kwa lugha yetu ya nyumbani usiogope. Wengi hawataielewa. Nitasimama kando yako nikutafsirie neno kwa neno, na safari hii sitaongeza wala kupunguza.

Ni mimi ndugu yako mdogo,
Shiundu.