Nilichowaambia Kuhusu Omosa

Ikonge, Nyamira
Jumapili, 14 Julai 2024

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, za Lavender na za wajukuu wako. Miili yetu ni mizima. Magoti yanaendeleaje huko Minnesota? Na watoto wa dada Sheila, bado wanakataa kula ugali wako? Huku majani chai yamekubali mwaka huu, na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu ujumbe wa simu Sheila ndiye anayekusomea. Pam, binti ya mwalimu Owino, anakuja huko kusoma, nami nimemwomba akupe barua hii mkononi. Isome ukiwa umekaa, peke yako.

Mama, tulikwambia mdogo wangu Omosa alipata kazi Mombasa na simu yake inasumbua. Hayuko Mombasa. Hatujui yuko wapi.

Mambo yalianza mwezi wa nne. Tangu aingie Uislamu na kumwoa Zuhura, kadi yake ya kitambulisho ilikuwa na jina la zamani tu, akataka mpya iandikwe Idris Omosa. Baba mkwe wake, Mzee Ramadhani, alimwambia abebe kila karatasi aliyo nayo. Mzee huyo ni Mnubi, amezaliwa Kisii mjini kama baba yake, na bado watoto wake wote walihojiwa kama wageni kabla ya kupewa kadi. Omosa alicheka. Alisema, "Mimi ni Mkisii, wataniuliza nini?"

Aliniambia karani wa vitambulisho alimpokea kwa Ekegusii, wakataniana vizuri mpaka alipoisoma fomu. Kuanzia hapo akaongea Kiswahili. Akamuuliza, "Idris, hili jina la Omosa umelitoa wapi?" Akapelekwa mbele ya watu wanne. Akawatajia ukoo, mlima na mto wetu. Wakasema hayo mtu anaweza kuyakariri. Wakataka kadi ya Baba, na Baba alipofariki kadi ilirudishwa serikalini. Wakauliza kama mama yake yuko, akasema yuko Amerika. Wakatazamana. Cheti cha kuzaliwa hana, maana ulimzalia jikoni kwa nyanya na hukwenda kukichukua. Wakabaki na kadi yake ya zamani, wakamwambia angoje.

Mwezi wa sita, siku ya Jumatatu, wanaume watatu waliovaa kiraia walimfuata kwenye cherehani yake mjini. Alikuwa akimpima mtoto wa shule sare. Wazazi waliokuwa hapo wanasema hakubishana. Aliomba tu amalize kuandika vipimo.

Kwa majuma matatu mimi na Zuhura tulikuwa tukimpelekea chakula kituoni kila asubuhi. Tulikuwa hatumwoni, lakini sufuria ilikuwa ikirudi tupu, basi tukajua yu hai. Jumatano iliyopita sufuria ilirudi imejaa. Askari alisema Omosa ameondolewa, anarudishwa kwao. Zuhura akamuuliza, "Kwao wapi?" Yule askari akafunga kitabu chake. Zuhura alipokataa kuondoka, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kwenye faili kuna maneno ya mtu wa nyumbani, yenye sahihi, kwamba Omosa ni mtoto wa kuokotwa na asili yake haijulikani.

Tangu siku hiyo Zuhura anamshuku Amu Mokua, kwa kuwa hakuwahi kuupokea mkono wake. Nami nimemwacha amshuku.

Mama, ni mimi.

Ofisa alinikuta nyumbani Sabato mchana, tumetoka kanisani, bado nimevaa tai. Alijua kila kitu. Alijua hata kwamba karatasi zako za kuishi huko hazijatoka. Hakunitisha. Alisema tu kwamba huko Amerika huuliza sana siku hizi kuhusu watu wa familia, na kwamba jina kama la Idris likichunguzwa, hukokota na majina mengine. Kisha akaniuliza kama Omosa ni ndugu yangu wa tumbo moja, au ni mtu tuliyemlea tu.

Nilikufikiria ukirudishwa. Nilifikiria pia wazee wenzangu wa kanisa, ambao wamekuwa wakiniuliza kwa nini mdogo wangu anaswali. Sitakuficha hilo. Nikasema ulimkuta akiwa mchanga sokoni Marani ukamlea. Nilisema haraka, kama mtu aliyekuwa na jibu tayari. Nikatia sahihi. Ofisa alikunywa chai yetu, akamshukuru Lavender, akaenda. Kesho kutwa yake walimchukua.

Zuhura anajua mimi ndiye peke yangu katika ukoo huu niliyesimama na Omosa. Njiani huniita kaka. Ana mimba ya miezi mitano.

Wakili tuliyemwendea anasema neno litakaloaminika ni lako tu, ukija mwenyewe uape kwamba ulimzaa. Anasema pia kwamba ukitoka huko sasa, kabla ya karatasi, huenda usiruhusiwe kurudi. Siwezi kukuchagulia kati ya watoto wako. Tayari nilichagua mara moja.

Kesho asubuhi nitakwenda kuapa upya kwamba nilidanganya. Wakili amenionya kwamba ninaweza kuingia ndani mwenyewe. Lavender anajua, amenipangia sweta na sabuni. Kabla ya hapo nitapita kwa Zuhura nimwambie. Barua hii itakapokufikia atakuwa ameshajua. Sikutaka alisikie kutoka mbali.

Wasalimu Sheila na watoto, na uendelee kumeza dawa zako kwa wakati. Ukiniombea, tanguliza Omosa. Mungu akulinde ugenini.

Ni mimi mwanao,
Nyasani