Kadi ya Mwenye Harusi

Mtaa wa Kenya, Élisabethville, tarehe 9 mwezi wa 7, 1957

Kwa Baba Mukubwa Zéphirin, Bukama

Baba Mukubwa,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti. Umeamkaje? Na Mama Mukubwa, mguu wake uliovimba wakati wa mvua umepona? Sisi hapa tuko wazima, Baba, Mama, dada yangu mkubwa yaya Albertine na mimi. Lakini kabla ya habari nyingine nikuambie kwamba nina jambo ambalo hadi jana sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata padri kwenye maungamo. Wewe ndiye uliyestahili kulijua kwanza. Naomba univumilie, maana siwezi kulitaja bila kueleza lilivyoanza.

Baba aliposikia kwamba harusi ya yaya na Clément itafungwa kanisani, alisema harusi ya namna hiyo inadai kadi. Kuchapisha ni mambo ya Wazungu, akasema, basi mimi ninayesoma kwa Masista nitazitengeneza. Nilifurahi sana. Nilikata karatasi ngumu kwa wembe na rula, nikaandika kwa wino wa zambarau, kwa Kifaransa cha juu kuliko chote ninachokijua, na pembeni nikachora tawi zima la maua. Mama Mujinga, shangazi yake Clément, aliishika kadi ya kwanza kwa vidole viwili, akacheka: "Aa! Kadi iko na kravati! Siku ile tutakula kwa Gouverneur?"

Baba naye akasema kadi isiwaahidi watu vitambaa vya meza wakati tutakaa uani, kwenye mabenchi ya parokia, tukinywa munkoyo kwa vikombe vya bati. Nikaanza upya. Niliyaondoa maneno marefu, nikabakiza majina ya wazazi, Misa ya asubuhi, na chakula nyumbani. Tawi likawa jani moja. Zikapendeza, hata kwa Mama Mujinga. Lakini zilihitajika karibu arobaini, na mkono ni mmoja.

Siku nilipomaliza ya mwisho, Baba aliniambia kwamba kwako wewe, yaya yake, kadi isiende. "Yaya si mugeni," alisema. "Kwa yaya utaandika barua, barua murefu, sawa vile mimi niko napiga magoti mbele yake." Nikaitika.

Baba Mukubwa, barua hiyo sikuiandika. Vidole vilikuwa vimekakamaa, na kesho yake kulikuwa na mtihani wa hesabu. Nilichagua kadi iliyo nzuri kuliko zote, nikaandika jina lako, nikaitia katika bahasha. Nilijiambia kwamba kadi nzuri ni heshima kubwa kuliko barua ya mkono uliochoka. Si kweli. Nilikuwa nimechoka, basi.

Jibu lako lilifika majuma mawili yaliyopita. Unajua ulichoandika. Uliuliza tangu lini mwenye harusi anaalikwa kama jirani. Ukasema kwamba mgeni ana ruhusa ya kukataa, basi Baba atafute mtu mwingine wa kumpaka Albertine mpemba, udongo mweupe wa baraka, kwenye paji la uso, kwa sababu Baba hana tena kaka.

Macho ya Baba yameharibiwa na cheche za karakana ya reli. Barua zote za nyumba hii nazisoma mimi. Siku ile walikaa wote watatu kunisikiliza. Nilipoona mstari wa kwanza, nilisoma maneno ambayo hukuyaandika: kwamba kifua kinakubana, kwamba huwezi kupanda treni, kwamba unawabariki ukiwa mbali.

Baba hakula siku ile. Alisema atampaka mpemba yeye mwenyewe, na Mama akamjibu kwamba mdogo akifanya hivyo wakati mkubwa yuko hai ni kama kumzika. Tangu hapo yaya Albertine hashoni tena gauni lake. Linakaa mezani na sindano ndani. Jumapili padri alisoma jina lako kati ya wagonjwa. Kanisa zima likaitika "twakuomba utusikie", nami nikaitika pamoja nao.

Jana Baba alipotoka kazini nilimwomba akae. Nikaichukua barua yako nikamsomea yote, neno kwa neno, hata lile la mwisho. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Nilingoja kofi.

"Basi yaya iko muzima?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo, yuko mzima. Akavua kofia, akajifuta uso kwa hiyo kofia, muda mrefu. Hasira ilikuja baadaye, na mpaka sasa hajasema nami ila maneno machache: kwamba kesho anapanda treni ya Bukama kuja kukuarifu kwa kinywa chake, na jogoo mweupe mkononi, na kwamba barua hii ataibeba yeye. Clément hakugombana. Alisema hata kwao Kasai msichana hatoki nyumbani bila wakubwa. Harusi imesogezwa hadi tarehe 3 mwezi wa 8, ili upate nafasi ya kuja, ukikubali kuja. Usipokubali, Baba amesema hakutakuwa na harusi.

Wewe unanijua, mimi ndiye mtoto aliyejificha nyuma ya mlango ulipokuja kututembelea. Leo nimepita nyumba kwa nyumba na kalamu. Kila mahali niliomba kadi, nikaikata tarehe ya zamani, 20 mwezi wa 7, kwa mstari mmoja, nikaandika ile mpya juu yake, nikasema kosa ni langu. Mama Mujinga aliuliza kosa gani. Nikamweleza, nimesimama, mpaka mwisho. Hakucheka. Nimefika nyumba ishirini na sita. Kumi na mbili zimebaki, nitazimaliza kesho Baba akishaondoka.

Mpe Mama Mukubwa salamu zangu, na watoto wote wa nyumba yako. Sikuombi uniitikie mimi. Mwitikie Baba.

Mtoto wako aliyekukosea,
Delphine