Boma la Kioo

Lodwar, mwisho wa mwaka 2013

Kwako Apa, baba yangu,

Ejok? Najua ungeuliza kwanza habari za mifugo ndipo uulize habari zangu, kwa hiyo tuanze nayo. Mifugo ipo. Maji nimeyapunguza jana, robo tu, kwa kikombe chako cha bati, na pampu bado inakoroma. Jirani yetu Mama Ekai alikuja asubuhi akasimama mbele ya kioo, kisha akanisaidia kukunja nguo zako.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoiita lugha ya polisi wa kizuizi cha Kainuk, maana shuleni ndiyo niliyofundishwa kuandikia mambo marefu. Hukujua kusoma hata hivyo. Nikimaliza nitakaa kwenye kigoda chako nikusomee kwa lugha yetu.

Nakumbuka siku niliyokuleta mjini, mwanzoni mwa mwaka jana. Ukame ulikuwa umewamaliza ng'ombe wako wote, na Lomeri, maksai wako wa madoa, ndiye aliyeanguka mwisho. Wewe hukuitwa jina lako tena tangu ujana. Watu walikuita Apalomeri, baba wa yule wa madoa, kama ilivyo desturi ya mwanamume wa kwetu na maksai wake. Sasa Lomeri hakuwepo, na wewe ulikuwa umebaki na jina lake tu. Uliingia nyumbani kwangu na fimbo, kigoda na blanketi, ukakaa ukiutazama ukuta.

Mimi ni muuguzi, Apa. Nimewaona watu waliokata tamaa, najua wanavyokaa. Wewe ulikaa hivyo. Kazi yangu ilikuwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na kila niliporudi Lodwar kwa mapumziko nilikukuta umekonda kuliko nilivyokuacha. Mama Ekai, niliyemwomba akupikie, alikuwa akinilalamikia mlangoni: "Mzee hakuli. Mi naweka chakula, yeye naangalia tu. Jioni natoa vile niliweka." Niliogopa sana siku zile, ingawa nilijifanya mkali.

Habari zako nilimsimulia Mama Achol, yule mama wa Sudan Kusini mwenye hoteli katika soko la kambi, ambako nilikuwa nikinywa chai nikitoka kazini. Juu ya meza yake ya malipo palikuwa na sanduku kubwa la kioo lenye samaki wadogo, na wateja walipenda kukaa karibu nalo kwa sababu ya ubaridi, au walijidanganya hivyo. Nilimwambia nina baba, mtu wa ng'ombe asiye na ng'ombe. Aliendelea kufuta meza. Kwao Bor nao ni watu wa ng'ombe, na wanaume wao pia huitwa kwa rangi za maksai wao.

"Wewe Nakiru, chukua hii kioo," akasema. "Mimi karibu narudi nyumbani, siwezi beba. Mzee nataka kitu ya kulinda. Ukuta yako halindwi na mtu." Samaki wake wenyewe, jike na dume, aliwahamishia kwenye beseni. Hao alisema bado anawapenda.

Nikalileta sanduku, pamoja na pampu na sifongo yake, kwenye lori lililokuwa likirudi tupu, nimelipakata na kulifunga blanketi. Kizuizini askari akaniuliza, "Madam, hii ni nini?" Nikamwambia ni nyumba ya samaki. "Na samaki iko wapi?" Nikamjibu bado hawajahamia. Nilidhani hadithi hiyo ingekuchekesha, lakini ulilitazama sanduku kisha ukanitazama mimi.

"Umeniletea samaki," ukasema. "Samaki ni wa mtu ambaye boma lake ni tupu."

Ulipomaliza kusema hivyo ulijisikia mwenyewe, ukaugeukia ukuta. Nami nilijifanya sikusikia, nikaenda kuchota mchanga wa mto Turkwel.

Mchanga ule ndio uliokutoa kwenye ukuta. Niliuosha ndani ya karai mpaka maji yakatoka meupe, na wewe ukashindwa kuvumilia. Ukaja uani na kigoda chako. "Unaosha mchanga? Mji huu umekuharibu kabisa." Nikakueleza kama Mama Achol alivyonieleza: mchanga mchafu huziba pumzi za samaki, na maji ya bomba yana dawa, lazima yalale kwenye ndoo yakiwa wazi kabla ya kumiminwa. Hata hapo maji huwa bado ni machanga. Lazima yakae na samaki wachache kwanza, yakomae, ndipo uongeze wengine. Ulitikisa kichwa. Lakini asubuhi ya pili yake nilikukuta umeinamia ndoo ukinusa.

Tulikwenda Eliye, kando ya ziwa, wote wawili kuwatafuta samaki. Ulichuchumaa pale chemchemi zinapoteremka kuelekea ziwani, na vijana wa ziwani wakawa wanatuvulia vifaranga vya samaki aina ya ngege kwa chandarua. Uliwachagua kama mtu anayechagua mitamba ya mahari. Huyu mgongo wake mbaya. Yule ana macho ya kuuza wenzake. Wale vijana walikuwa wakijikaza wasicheke, na mimi pia. Tulirudi na dumu likiwa nusu ya maji, nawe umelikumbatia njia nzima, huku ukinikataza kulitikisa kana kwamba mimi ndiye niliyeitia mashimo ile barabara.

Jioni hiyo ulikula, Apa. Sahani uliimaliza.

Kuanzia hapo nyumba yangu ikawa na mfugaji. Kila samaki ukampa jina kwa rangi yake. Siku moja nilisimama kuwahesabu kwa kidole, ukanipiga mkononi kwa fimbo, taratibu. "Mifugo haihesabiwi. Unaijua kwa sura, na asiyekuwepo utamjua." Joto lilipozidi uliloweka blanketi lako ukalitandaza juu ya kioo, usiku ukalala bila kitu. Umeme ulipopotea mchana na pampu ikanyamaza, ulichota maji kwa kikombe cha bati, ukayainua juu na kuyamimina tena ndani ili samaki wapate hewa. Ulifanya hivyo mpaka umeme uliporudi, na huku ukiimba wimbo wa Lomeri. Mama Ekai ndiye aliyeniambia kwamba siku nyingine ulisimama mbele ya kioo umeinua mikono juu kwa mfano wa pembe zake. Nilikuwa Kakuma alipoazima simu kunieleza hayo, na nilitoka nje ya wodi ili wagonjwa wasinione nikilia.

Halafu uliwahamisha.

Naelewa sasa kwa nini. Kioo kilikuwa kimeanza kushika ukijani, sifongo ya kuchujia maji ilikuwa nyeusi, mchanga una kinyesi. Maisha yako yote boma likichafuka hivyo watu wanahama. Mwenye kukaa hapo ndiye anayeua mifugo yake. Basi ulimwaga maji yote, ukaosha mchanga upya, ukasugua kioo, ukaisuuza ile sifongo bombani mpaka ikarudi rangi yake, ukawapa maji mapya kutoka bombani moja kwa moja. Ulifanya kazi ya siku nzima na mgongo wako ule. Niliporudi nilikuta kioo kinang'aa kuliko siku tulipokiweka, na samaki wote wako juu ya maji, wamelala ubavu.

Ulirudi kwenye ukuta. Nilikasirika, sijui na nani: na wewe, na maji, na mbingu iliyokunyang'anya mara ya kwanza. Nilikueleza kwamba ule uchafu wa sifongo ndio ulikuwa unayalinda maji, kwamba uzima wao ulikuwa humo. Ukasema tu, "Hata wa maji wamenikataa." Na chakula kikaanza tena kurudi jikoni kama kilivyotoka.

Mama Achol ndiye aliyekuokoa. Nilipomweleza alisonya, akafuta mikono, akawachota samaki wake wa beseni, jike na dume, akawatia kwenye dumu. Nikamwambia hapana, hao ni samaki wake. "Mtu ya ng'ombe akipoteza, watu nampa. Kwenu si iko hivyo?" Kwetu iko hivyo. Akaikata sifongo yake chakavu ya beseni akanipa kipande, nyeusi hivyo hivyo. "Mwambie mzee hii ni mavi ya boma. Asioshe."

Nilipokufikishia ujumbe huo ulivuta kigoda chako karibu na dumu. Kisha ukauliza jina la ukoo wake, na rangi ya maksai wa baba yake. Zawadi ya samaki ungeweza kuikataa, lakini mnyama aliyetoka kwa mtu wa ng'ombe hakataliwi. Jike alikuwa na madoa ubavuni, ukamwita Nameri. Ukaniambia nimpelekee Mama Achol neno lako: ndama wa kwanza ni wake.

Alipoondoka kurudi kwao mwaka huu, nilimkumbusha neno hilo kwenye mlango wa basi. Akacheka akasema mzee asisahau, yeye atakuja kuchukua.

Kifua chako kilianza baada ya hapo. Nilijua dawa, nilijua vipimo, nilijua pia maana ya vipimo vile. Uliomba kitanda kisogezwe karibu na kioo. Na ndipo Nameri naye akaacha kula. Tulimrushia chakula kikapita mbele ya uso wake. Alijitenga pembeni, shavu limevimba, mdomo ameufunga. Nilimpigia Mama Achol nimuulize, simu haikupatikana. Kwao vita vilikuwa vimeanza, na mpaka leo simu hiyo haipatikani.

Ulimtazama siku nzima, kisha ukasema, "Mwache. Na yeye anaondoka." Ulikufa ukiamini hivyo. Hilo ndilo linalonichoma, Apa, kuliko kifo chenyewe. Kifo nilikiona kikija. Lakini uliondoka ukidhani boma limekuwa tupu mara ya tatu.

Tulipotoka kukuzika, baba mdogo aliuliza, kama inavyoulizwa, mzee ameacha mifugo gani. Niliona aibu kwa niaba yako, nikaingia ndani nikakaa kwenye kigoda chako.

Nameri alikuwa pale pale pembeni. Nilipokuwa nikimtazama alifungua mdomo, na watoto wakatoka. Wadogo, macho tu, wakatawanyika juu ya mchanga wa Turkwel. Mama Ekai alipoingia kivuli chake kiliangukia kioo, na wote wakakimbia kurudi mdomoni mwa mama yao, naye akaufunga. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amewabeba humo siku zote ulizokuwa ukimtazama.

Nililia mpaka baba mdogo akaja kuona kuna nini. Nikamwonyesha.

Yule dume nimemhamishia kwenye beseni asije akawala. Sifongo sijaiosha. Wa kwanza kutoa madoa nimemtengea Mama Achol, na kila siku najaribu ile namba yake. Lala sasa, Apalomeri. Boma lako limejaa. Ni wengi, Apa. Sijawahesabu.

Binti yako,
Nakiru